UZI: Historia ya vitabu vya watoto, toka hadithi za wanyama mpaka leo (watoto walichagua, wakubwa wakafuata)

Mfunua_Kurasa:
Wakuu heshima kwenu. Kuna mtu kaandika kwenye uzi mwingine kwamba vitabu vya watoto ni kazi nyepesi, mwandishi akishindwa riwaya ya maana ndo anakimbilia huko. Sikubaliani kabisa na nimeona nifungue uzi maana hii historia naipenda sana. Na ukiifuatilia toka mwanzo kuna kitu kinajirudia kila karne: mtoto hajawahi kukubali kupangiwa. Wakubwa wanaandika wanachoona kinamfaa, yeye anakiweka pembeni anaenda kuchukua cha wakubwa, miaka inapita, mwisho wakubwa nao wanaanza kuandika kama kile alichokichukua. Nitashusha vipande vipande, mwenye swali aulize tu.

Tuanzie mbali kidogo. Zile hadithi za wanyama tunazozijua kama Kalila na Dimna zilianzia India kwenye Panchatantra, na mle ndani inasemwa kabisa kwamba zilitungwa ili kuwafundisha wana watatu wa mfalme waliokuwa wazito wa kusoma, wajue utawala unaendaje. Zikapita Uajemi, karne ya 8 Ibn al-Muqaffa akaziweka kwenye Kiarabu kizuri mno, na huko mbele Mfaransa La Fontaine mwaka 1678 akasema wazi kuwa nyingi kazichota kwa mwenye hekima wa India. Sasa angalia, hiki ni kitabu cha siasa, simba ni mfalme, mbweha ni washauri wa ikulu wanaochongeana. Lakini nani kakishika mpaka leo? Watoto. Wao siasa hawakujali, walimtaka simba na mbweha.

Kwa hiyo kwa karne nyingi hapakuwa na rafu ya watoto na rafu ya wakubwa, hadithi ilikuwa moja na kila mtu anachukua anachoweza kubeba. Kuna mwanahistoria wa Ufaransa, Philippe Ariès, mwaka 1960 alitoa kitabu akidai kwamba Ulaya ya zama za kati hata wazo la utoto kama kipindi cha pekee halikuwepo. Wenzake walimpinga sana na nadhani walikuwa sahihi kumpinga, maana ushahidi wa wazazi kuwalilia watoto wao na kuwatengenezea vitu vya kuchezea upo mwingi tu. Ila kuhusu vitabu alikuwa na pointi, mtoto alikuwa hajaandikiwa.

Mfunua_Kurasa:
Karne ya 17 ndo wanaanza kuandikiwa, na mwanzo wenyewe ni mzito. Mwaka 1671 mchungaji mmoja wa Uingereza, James Janeway, alitoa kitabu cha watoto ambacho ndani yake ni habari za watoto wacha Mungu waliofariki wakiwa wadogo, mmoja baada ya mwingine, wanavyosali kitandani, wanavyowaaga wazazi, basi. Leo ukisoma unashtuka ila msimhukumu haraka, hawa watu waliamini mtoto anazaliwa na dhambi na walikuwa wanazika watoto kila mwaka, kwa hiyo kumwandaa mtoto kufa vizuri kwao ilikuwa ni upendo kabisa.

Kabla yake kidogo, 1658, kuna kitabu nakiona ndo cha kwanza kumtazama mtoto machoni. Comenius, askofu kutoka Moravia aliyefukuzwa kwao na vita vya dini, alichapisha Nuremberg kitabu cha picha kinaitwa Orbis Sensualium Pictus. Nielezee kinavyoonekana maana hapa ndo utamu. Unafungua ukurasa, juu kuna picha, tuseme ya mtengeneza viatu akiwa kazini, na kila kitu kwenye picha kimewekewa namba ndogo, halafu chini maneno yana namba zilezile, upande mmoja Kilatini na mwingine Kijerumani. Mtoto anatazama namba kwenye kiatu anaitafuta chini anapata neno. Na alfabeti yake ndo balaa, kila herufi ina mnyama au kitu na sauti kinachotoa: kunguru analia á á, mwanakondoo bé é é, upepo unavuma fi fi, bata bukini ga ga. Yaani mtoto anajifunza herufi kwa kupiga kelele za wanyama, karne ya 17! Kilitafsiriwa Kiingereza mwaka uliofuata tu, na kikaendelea kuchapwa lugha nyingi kwa zaidi ya karne moja.

Binti_Riwaya:
Aisee hicho cha Comenius ningekitaka hata mimi mtu mzima. Swali mkuu, mimi nilisoma kwamba baba wa vitabu vya watoto ni John Newbery, mpaka tuzo ya Marekani inaitwa kwa jina lake. Sasa mbona wewe unaanza na wengine?

Mfunua_Kurasa:
Swali zuri dada. Newbery ndo aliyeifanya kuwa biashara, hapo hatubishani. Mwaka 1744 London alitoa kitabu kidogo, A Little Pretty Pocket-Book, bei yake ilikuwa peni 6, ukiongeza peni 2 unapewa na mpira kama ni mvulana au kimto cha pini kama ni msichana. Ule mpira ulikuwa mwekundu upande mmoja, mweusi upande mwingine, na kitabuni kuna barua kutoka kwa Jack muua majitu, shujaa wa hadithi za Kiingereza, inamwelekeza mtoto: ukifanya jema chomeka pini upande mwekundu, ukikosea chomeka upande mweusi, pini 10 zikifika upande mwekundu Jack anakutumia peni moja, zikifika 10 upande mweusi anakuletea fimbo.

Sasa simama hapo kwenye jina la Jack. Kwa nini Newbery, mfanyabiashara mwenye akili zake, amchukue Jack muua majitu wakati kuna mitume na manabii tele wa kumwandikia mtoto barua? Kwa sababu watoto tayari walikuwa wanamjua. Kulikuwa na vijitabu vya bei ya chini kabisa, karatasi moja inakunjwa inakatwa, machinga wanatembeza vijijini, ndani kuna majitu, Robin Hood, maharamia, mizimu. Havikuandikwa kwa ajili ya watoto, wachungaji walivichukia, mwanafalsafa John Locke hakuvipenda, lakini watoto walivisoma mpaka vikachanika. Newbery aliona hilo. Akaweka maadili ndani ya kitu walichokwisha kukipenda. Wenzake kina Thomas Boreman na Mary Cooper nao walikuwa wanachapa vitabu vya watoto London miaka hiyohiyo, kwa hiyo "wa kwanza" sio neno sahihi sana, ila yeye ndo alidumu.

Na Locke nisimwonee, maana mwaka 1693 ndo alisema mtoto afundishwe kwa mchezo, apewe kete zenye herufi, asome hadithi za wanyama za Aesop zenye picha. Newbery alimsoma Locke vizuri sana.

Kingine cha Newbery, alikuwa anauza pia dawa ya unga ya homa, na kwenye kitabu chake cha 1765 cha yule binti yatima Margery, ukurasa wa mwanzoni tu baba yake anakufa sehemu ambayo hiyo dawa ilikuwa haipatikani. Tangazo ndani ya kitabu cha mtoto, 1765. Hilo mimi siliungi mkono hata kidogo, na watu wanaofikiri matangazo kwa watoto yameanza na televisheni wajue hilo.

Jicho_la_Tatu:
Mkuu nakubali ila Robinson Crusoe je? Maana nimesikia nacho ni cha watoto.

Mfunua_Kurasa:
Hicho ndo mfano bora kuliko yote. 1719, Defoe anaandikia wakubwa, kitabu kirefu kina sala nyingi na mahesabu. 1726 anakuja Swift na Gulliver, ile ni hasira ya kisiasa tupu. Watoto wakavibeba vyote viwili. Wakaruka sala, wakaruka siasa, wakabaki na kisiwa, nyayo kwenye mchanga na watu wadogo kama kidole. Baadae Rousseau, 1762, anaandika kwamba mtoto asipewe vitabu kabisa mpaka akue, isipokuwa kimoja tu, na hicho kimoja ni Crusoe! Yaani mwanafalsafa mzima kaja kuhalalisha kitu ambacho watoto wameshajichukulia miaka 40 nyuma.

Mfunua_Kurasa:
Tuendelee. Ndugu Grimm, wale Wajerumani wawili waliokusanya hadithi za kale. Watu wengi wanadhani walikaa chini kuwaandikia watoto, hapana, kitabu cha 1812 kilikuwa kazi ya wasomi, kina maelezo ya kitaalamu nyuma, hakina picha, lengo ni kuhifadhi hadithi za Wajerumani zisipotee. Kikauzika taratibu. Watu wakalalamika kwamba humu mna mambo yasiyofaa watoto, na ndugu hawa wakaanza kukirekebisha toleo baada ya toleo. Halafu 1823 Uingereza ikatoka tafsiri yenye michoro ya George Cruikshank, ikapendwa sana, nao wakaona, 1825 wakatoa toleo dogo la hadithi 50 tu lenye michoro ya mdogo wao Ludwig. Hilo ndo lililoingia majumbani.

Binti_Riwaya:
Walirekebisha nini hasa? Maana mimi nakumbuka zile hadithi zina ukatili mkubwa tu hata leo.

Mfunua_Kurasa:
Hapo umegusa penyewe dada. Kwenye toleo la kwanza Rapunzel anamuuliza yule mama aliyemfungia mnarani mbona nguo zinanibana siku hizi, yaani ana mimba, hiyo ikaondolewa. Mama mzazi wa binti theluji ndo aliyetaka auawe, baadae akageuzwa mama wa kambo, na kwa wale watoto wawili waliotupwa msituni ikawa hivyohivyo, maana haikufaa mama mzazi aonekane katili. Lakini viatu vya chuma vya moto anavyovalishwa yule malkia, mama wa kambo wa binti theluji, acheze mpaka afe, vikabaki! Wakubwa walijisafishia aibu zao, ukatili wakauacha. Na mimi nadhani watoto hawakuukataa ule ukatili kwa sababu kwenye hadithi unaishia pale pale, mbaya anapata chake na kurasa zinafungwa.

Mzee_wa_Rafu:
Kijana nakusoma toka juu na unaandika vizuri, lakini nakupinga kwenye hoja yako kuu. Mtoto hana hela. Mtoto hachapi, hanunui, haagizi. Anayechagua ni mzazi, mwalimu na mkutubi. Uingereza sheria ya elimu ya 1870 ndo iliyofungua shule kwa mamilioni na shule zikahitaji vitabu, hapo ndo soko likapanuka. Marekani, kampuni ya Macmillan ilianzisha idara ya vitabu vya watoto mwaka 1919 kwa sababu maktaba zilikuwa na vyumba vya watoto vinavyotaka kujazwa. Tuzo ya Newbery 1922 inatolewa na wakutubi. Mama mmoja pale maktaba ya umma ya New York, Anne Carroll Moore, alikuwa na nguvu kiasi kwamba asipokipenda kitabu, mchapishaji anaanza kutetemeka. Huo ndo ukweli wa jinsi fasihi hii ilivyojengwa, taasisi kwanza.

Mfunua_Kurasa:
Mzee wangu shikamoo, na nashukuru kwa hoja. Nakubali kuhusu hela na taasisi, bila hizo vitabu visingefika. Ila hebu tumalizie habari ya huyo huyo mama. Goodnight Moon ilipotoka 1947 maktaba yake haikuitaka, na ikakaa nje ya rafu zile mpaka miaka ya 1970. Kitabu cha sungura mdogo anayeaga vitu vya chumbani kimoja kimoja, hakina kisa hakina funzo. Na kikaendelea kuuzwa mwaka hadi mwaka kwa sababu gani? Kwa sababu watoto wa miaka miwili walikuwa wanasema tena, tena, tena. Mzazi ndo aliyetoa hela ila aliyeamua ni yule anayesema tena.

Na mfano wa Pinocchio, huu nawapa wote. 1881 Collodi anaandika kwa vipande kwenye gazeti la watoto la Italia. Sura ya 15 anamnyonga yule mtoto wa mbao kwenye mti wa mwaloni, amekufa, hadithi imeisha. Ndo ilivyokuwa mwisho wake wa kweli! Wasomaji wakaja juu, mhariri akamwomba Collodi arudi, akarudi, binti wa kimiujiza mwenye nywele za buluu akamwokoa, na 1883 kikatoka kitabu kizima. Zaidi ya nusu ya Pinocchio tunayemjua ipo kwa sababu watoto walikataa mwisho waliopewa.

Mzee_wa_Rafu:
Marahaba. Hiyo ya Pinocchio nakuachia, sikuwa naijua kwa undani. Lakini umesahau upande wa uchapaji, na huwezi kuelezea historia ya kitabu cha mtoto bila rangi.

Mfunua_Kurasa:
Kweli mzee, tena ni sehemu inayosikitisha kidogo. Mwanzoni mwa karne ya 19 picha zilichapwa nyeusi halafu zinapakwa rangi kwa mkono, na mara nyingi waliopaka ni watoto walioajiriwa, wamekaa mezani kwa mstari, huyu ana nyekundu anapaka koti, anasukuma kwa mwenzake mwenye kijani anapaka majani. Watoto maskini wanapaka rangi vitabu ambavyo hawatavimiliki.

Baadae akaja fundi wa London, Edmund Evans, akawa anachonga ubao mmoja kwa kila rangi na kuzipangilia zilingane, na akafanya kazi na wachoraji watatu wakubwa, Walter Crane, Randolph Caldecott na Kate Greenaway. Kitabu cha kwanza cha Greenaway, 1879, Evans alichapa nakala 20,000 kwa mkupuo mmoja, mchapishaji akaona kachanganyikiwa, zikaisha kabla hata hajawahi kuchapa nyingine.

Na Beatrix Potter. Sungura wake alianza kama barua ya 1893 kwa mtoto aliyekuwa mgonjwa. Wachapishaji wakamkataa, 1901 akachapa mwenyewe nakala 250, mwaka uliofuata Frederick Warne wakakubali wakitaka picha za rangi. Kitu nachomheshimia ni kwamba alishikilia kitabu kiwe kidogo, kitoshe mkono wa mtoto. Wengine walitaka kikubwa wauze bei kubwa.

Jicho_la_Tatu:
Mkuu mbona yote Ulaya na Marekani? Watoto weusi walikuwa wapi humu?

Mfunua_Kurasa:
Hilo swali ndo nilikuwa nalisubiri. Kwa muda mrefu walikuwa hawamo, au wamo kama vichekesho na watumishi, na hiyo iliumiza. 1920 msomi na mwanaharakati mweusi W.E.B. Du Bois na mwandishi Jessie Fauset walianzisha gazeti la watoto weusi Marekani, The Brownies' Book, picha za watoto weusi halisi, mashairi, habari za mashujaa wao. Likadumu miaka 2 tu, hela zikakata. Mwaka 1965 mwalimu mmoja, Nancy Larrick, akafanya kazi ya kuhesabu: vitabu 5,206 vya watoto vilivyotolewa Marekani kwa miaka mitatu, vyenye hata mtoto mmoja mweusi popote, kwenye maandishi au picha, vilikuwa asilimia 6.7. Makala yake iliwatikisa wachapishaji.

Afrika kwenyewe Chinua Achebe, jina kubwa tayari, alikaa akaandika hadithi ya mtoto wa Kinigeria anayetaka kuvuka mto Niger, ikatoka 1966. Ngũgĩ wa Thiong'o 1982 akawaandikia watoto kwa Kikuyu. Hawa hawakukimbilia vitabu vya watoto kwa kushindwa riwaya, na hapo ndo namjibu yule aliyeniudhi mpaka nikafungua uzi. Japani nao hawakusubiri mtu, 1918 Suzuki Miekichi alianzisha gazeti la Akai Tori na akawaita waandishi wakubwa kabisa wa zama zake wawaandikie watoto kwa ubora uleule.

Binti_Riwaya:
Na vita je? Baada ya vita vya pili nasikia kuna mama aliyekusanya vitabu.

Mfunua_Kurasa:
Jella Lepman. Myahudi wa Ujerumani, alikimbilia London, 1945 akarudi na jeshi la Marekani kama mshauri wa mambo ya wanawake na watoto. Akakuta magofu, watoto hawana chakula, na yeye akasema wanahitaji na vitabu. Akaandikia nchi 20 barua akiomba vitabu vya zawadi, wengi wao ndo kwanza wametoka kupigwa mabomu na Wajerumani. Ubelgiji ikakataa, tumevamiwa mara mbili, hapana. Akawaandikia tena, akawaambia basi nyie ndo mna haki zaidi ya kutaka watoto hawa wakue tofauti. Wakatuma. Maonyesho yakafunguliwa München 1946, 1949 ikawa maktaba ya kimataifa ya vijana ambayo ipo mpaka leo, 1953 akasaidia kuanzisha shirika la kimataifa la vitabu vya watoto, na toka 1956 kuna tuzo ya Andersen inayotolewa na shirika hilo. Mimi kila nikisoma habari ya huyu mama nasisimka kusema kweli.

Mzee_wa_Rafu:
Na hiyo pia ni taasisi, kijana.

Mfunua_Kurasa:
Ni taasisi mzee, hapo umenipata. Ila nimalizie na Sendak, halafu Harry Potter na mwaka 2000.

1963 Maurice Sendak anatoa kitabu cha Max, mtoto mwenye hasira, kanyimwa chakula, anasafiri kwenda kwa mazimwi anakuwa mfalme wao, anarudi anakuta chakula chake bado cha moto. Watu wazima wakaogopa. Mwanasaikolojia Bruno Bettelheim akakikosoa kwenye gazeti la akina mama bila kuwa amekisoma. Watoto wao hawakuogopa, walikuwa wanamwandikia Sendak barua. Kikapata medali ya Caldecott, tuzo ya Marekani ya vitabu vya picha, 1964 na hakijawahi kuondoka madukani.

Halafu Harry Potter. 1997 nakala za kwanza zenye jalada gumu 500 tu. Miaka mitatu baadae vitabu vyake vilikuwa vimejaa kileleni kwenye orodha ya New York Times ya vinavyouzwa sana, kiasi kwamba wachapishaji wa riwaya za wakubwa wakalalamika hawana nafasi, na Julai 2000 gazeti likaunda orodha ya pembeni ya vitabu vya watoto ili kuvihamishia huko.

Jicho_la_Tatu:
Kwa hiyo zamani watoto walichukua vitabu vya wakubwa, sasa wakubwa wakawa wanachukua vya watoto?

Mfunua_Kurasa:
Ndiyo mkuu, na wengine walikuwa wanavisoma kwenye treni vikiwa na jalada jingine lililotengenezwa makusudi kwa ajili ya watu wazima. Mwenye habari za vitabu vya watoto kutoka Urusi au Amerika Kusini amwage hapa, huko sijagusa kabisa na najua kuna mengi.